Kasuku akikataa chakula, familia isikimbilie karanga

Jumatatu kasuku anakula papai mpaka kifua kinalowa. Alhamisi analetewa papai lilelile, analitazama kwa jicho moja, analinyakua kwa mdomo na kulitupa sakafuni. Watoto wanacheka, mama anasikitikia papai, baba anafungua kopo la karanga ili ndege asilale njaa.

Familia nyingi zinazofuga kasuku zinaifahamu hali hii, na wengi huichukulia kuwa ni maringo tu. Lakini kasuku anayekataa chakula anaweza kuwa mmoja kati ya wawili: ndege anayechagua, au ndege anayeumwa. Wa kwanza anahitaji subira na msimamo, wa pili anahitaji daktari. Karanga haimsaidii yeyote kati yao.

Kasuku anayefugwa na kupendwa zaidi kwa kuiga maneno ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, kupitia Kongo hadi Uganda, magharibi mwa Kenya na kaskazini magharibi mwa Tanzania.

Akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 40 au zaidi. Anaweza kuingia nyumbani mtoto akiwa darasa la kwanza na akawepo bado mtoto huyo anapopata watoto wake. Iwapo atafika huko au atakufa mapema inategemea sana kile kinachowekwa kwenye bakuli lake kila siku.

Kuchagua si ugonjwa

Kasuku wa kijivu aliyepata umaarufu zaidi duniani aliitwa Alex. Mwanasayansi wa Marekani, Irene Pepperberg, alimnunua katika duka la wanyama mjini Chicago mwaka 1977 na kumfanyia utafiti hadi ndege huyo alipokufa Septemba 2007 akiwa na miaka 31. Alex alijifunza kutaja kwa Kiingereza vitu vipatavyo 50, pamoja na rangi na maumbo.

Alex aliweza pia kuagiza chakula. Akiomba ndizi na akapewa karanga au kokwa nyingine, mara nyingine alinyamaza akimkodolea macho aliyempa, mara nyingine aliomba ndizi tena, na mara nyingine aliichukua ile kokwa na kumtupia mtafiti.

Hata jina la tunda alichagua mwenyewe. Watafiti walipojaribu kumfundisha neno la Kiingereza la tufaa, yeye aliunganisha majina ya matunda mawili aliyokwishayajua, ndizi na cheri, akatengeneza neno lake na kuling'ang'ania.

Kisa hicho kinawaonyesha wazazi kwamba kasuku anayekataa chakula hajaharibika. Ana akili, ana kumbukumbu, anajua anachotaka na anajua nani nyumbani atampa.

Kasuku pia haonji kama binadamu. Ulimi wa mtu una maelfu ya vionjeo vya ladha, wa kasuku una mamia tu. Hasikii hata ukali wa pilipili, ndiyo maana anaweza kutafuna pilipili mbichi huku mtoto aliye karibu akikohoa.

Kwa ndege huyu, umbo, ugumu, rangi na joto la chakula vina uzito mkubwa. Papai la Jumatatu lililoiva na kulainika, lililokatwa vipande vidogo, kwake si sawa na papai gumu la Alhamisi lililokatwa mbavu ndefu. Mtu anaona tunda moja, kasuku anaona vitu viwili.

Tena kutupa chakula ni tabia yake ya asili. Msituni kasuku huchuma tunda, hung'ata kidogo, huliachia lianguke na kuchuma jingine. Kwa hiyo chakula kilicho sakafuni si ushahidi kwamba ndege amekichukia. Huenda alikionja na kuridhika.

Kwa nini anakimbilia mafuta

Msituni kasuku wa kijivu hula mbegu, matunda, maua na majani machanga, na anapenda sana matunda ya mchikichi, yale yanayotoa mawese. Ni chakula chenye mafuta mengi, na ndege anayeruka kilomita nyingi kwa siku kutafuta riziki anayahitaji.

Ndege wa ndani ya tundu haendi popote. Hamu ya mafuta amebaki nayo, lakini safari ya kuyachoma hana. Akiwekewa bakuli la mchanganyiko wa mbegu, ataanza na alizeti na karanga, atabakisha mtama, na mboga ataiacha ikauke.

Karibu nusu ya uzito wa kiini cha alizeti ni mafuta. Kalsiamu iliyomo ni kidogo na fosforasi ni nyingi kupita kiasi, wakati vitamini A karibu haipo kabisa. Kasuku anayeishi kwa alizeti anashiba kila siku huku mwili wake ukipungukiwa.

Upungufu huo hauonekani kwa wiki moja. Vitamini A ikikosekana kwa muda mrefu, ngozi laini ya ndani ya mdomo, pua na njia ya hewa hukakamaa, na vijidudu hupata pa kuingilia. Ndege huanza mafua yasiyoisha, pua huziba, manyoya hupoteza mng'ao.

Kalsiamu ikipungua, kasuku wa kijivu huathirika haraka kuliko kasuku wengi wengine. Anaweza kutetemeka, kuanguka kutoka kwenye kijiti chake au kupata degedege. Mafuta yakizidi hujikusanya kwenye ini, na ndege aliyeonekana mnene na mchangamfu anaweza kufa ghafla na kuiacha familia ikiuliza amelishwa nini.

Nani anamfundisha?

Mara nyingi uchaguzi wa kasuku hutengenezwa na watu wa nyumbani bila wao kujua. Ndege anatupa karoti, watoto wanaangua kicheko, mtu mzima anakuja na biskuti. Amepata vitu vitatu kwa mpigo: watazamaji, sauti na utamu. Kesho atatupa karoti mapema zaidi.

Katika nyumba yenye watu wengi, kila mmoja ana chake cha kumpa. Bibi anachovya mkate kwenye chai, kijana anampa chipsi, mtoto anamega andazi, jirani akipita anatoa pipi. Kila mmoja anaamini ametoa kidogo tu.

Hesabu inasema vingine. Kasuku wa kijivu ana uzito wa kati ya gramu 400 na 500 hivi. Kipande cha biskuti cha gramu 9 kwa ndege wa gramu 450 ni sawa na mtoto wa kilo 18 kula gramu 360 za biskuti kwa mkupuo. Hakuna mzazi ambaye angeshangaa mtoto huyo akikataa mboga za mchana.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kubadilisha mlo wa kasuku inawahusu watu wa nyumbani. Wakubaliane nani anamlisha, saa ngapi na nini. Karatasi iliyobandikwa karibu na tundu, kila mtu akiandika alichompa, inatosha kuonyesha kwa wiki moja tu kwamba ndege anayedaiwa kuwa hali kitu ameshiba vya pembeni.

Ladha inayobadilika na majira

Lipo kundi jingine la mabadiliko ambalo halina kosa la mtu. Kasuku akikua, mapenzi yake ya chakula hubadilika. Kinda aliyeachishwa uji karibuni anapenda vitu laini na vya uvuguvugu. Akifikisha miaka kati ya mitatu na mitano anapevuka, na katika msimu wa kutaka kuzaliana anaweza kudai vyakula vya mafuta na kukataa vingine.

Wakati huo anaweza hata kumtapikia mtu anayempenda, akitikisa shingo juu na chini huku akimtolea chakula kwa utaratibu. Hiyo ni ishara ya mapenzi ya ndege. Familia isilijibu kwa kumpa vyakula vingi vya uvuguvugu na mafuta, maana humchochea zaidi.

Wakati wa kubadilisha manyoya, mwili unahitaji protini zaidi, hivyo ndege aliyedharau maharage yaliyopikwa anaweza kuyashambulia. Manyoya yakishatimia, anayaacha tena. Kuhamisha tundu, mgeni kukaa muda mrefu, mtoto kwenda shule ya bweni au hata bakuli jipya la rangi tofauti vinaweza kumfanya asite kula kwa siku kadhaa.

Kasuku wa kijivu ni mwoga wa vitu vipya. Chakula ambacho hajawahi kukiona, kwake kinaweza kisiwe chakula kabisa. Anaweza kukikimbia kama anavyokimbia fagio.

'Akisikia njaa atakula'

Kauli hii husemwa sana kwa watoto, na kwa mtoto mwenye afya mara nyingine hufanya kazi. Kwa kasuku ni hatari. Mwili wake ni mdogo, akiba yake ni ndogo, na kwa kuwa huenda hajui kwamba kile kilicho mbele yake kinaliwa, anaweza kukaa na njaa mpaka nguvu zimwishie, bakuli likiwa limejaa.

Kuna mtego mwingine wa bakuli. Kasuku humenya mbegu na kuacha maganda humohumo. Mtoto anayechungulia anaona bakuli limejaa na kutoa taarifa kwamba ndege hajala. Au kinyume chake: kila mtu anaona limejaa, hakuna anayeongeza, na ndege anashinda na njaa juu ya rundo la maganda matupu. Maganda yapeperushwe kila siku kabla ya kuamua kama amekula.

Njia ya uhakika ni mizani ya jikoni inayosoma gramu. Ndege apimwe asubuhi, baada ya kujisaidia na kabla ya kula, na namba iandikwe. Katika kipindi cha kubadilisha chakula apimwe kila siku. Mambo yakitulia, mara moja kwa wiki inatosha.

Ndege wa gramu 450 akishuka hadi gramu 405 amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake. Hapo jaribio la chakula kipya lisimame, arudishiwe anachokula, na daktari wa mifugo aonwe. Mzazi anaweza kulipima jambo hilo kwa mwanawe: mtoto wa kilo 20 aliyepungua kilo mbili kwa siku chache hangepewa muda wa kungoja.

Dalili za ndege anayeumwa

Ndege huficha ugonjwa. Porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayekamatwa kwanza, na tabia hiyo haimtoki hata akiishi sebuleni. Familia inapogundua kwamba hajisikii vizuri, mara nyingi amekuwa hivyo kwa siku kadhaa.

Kasuku anayechagua hukataa karoti lakini hupokea mbegu kwa furaha. Hupiga kelele, hucheza, huomba kitu kingine. Kasuku anayeumwa hukataa hata kile anachokipenda kuliko vyote, na hiyo ndiyo tofauti ya kwanza ya kuangalia.

Yupo pia anayetaka kula lakini hawezi. Anakisogelea chakula, anakiokota, anakiangusha, anarudia. Watu wa nyumbani wanaweza kudhani anatupa kama kawaida, kumbe ana kidonda mdomoni, mdomo umeota vibaya au gole lina tatizo.

Kinyesi nacho kinatoa habari. Cha kawaida kina sehemu tatu: choo cha kijani au kahawia, sehemu nyeupe na maji kidogo. Akila matunda mengi maji huongezeka, na akila kiazi sukari chekundu choo hubadilika rangi, hayo si ya kutisha. Kinyesi kikiwa kidogo, cha kijani kilichoiva sana na chenye kunata, huenda hali kitu.

Asipelekwe kesho bali leo iwapo amepitisha siku nzima bila kula, amejitunisha manyoya na kusinzia mchana, amekaa chini ya tundu, mkia unapanda na kushuka kila anapopumua, anatetemeka au anaanguka. Vivyo hivyo akitapika ovyo huku akitikisa kichwa na matapishi kumrukia kichwani. Wakati wa kutafuta usafiri awekwe mahali penye joto na utulivu, bila kulazimishwa kunywa chochote, kwa sababu maji yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa.

Kumzoesha bila vita

Kasuku mzima mwenye uzito unaoeleweka anaweza kubadilishwa, ila kazi hiyo huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi.

Porini kasuku wa kijivu hula zaidi asubuhi na mapema na tena jioni kabla ya kulala. Familia ifuate saa hizo. Asubuhi, akiwa na njaa ya usiku, aanze kuwekewa mboga na matunda kwa saa moja au mbili. Baada ya hapo apewe chakula alichozoea. Jioni apewe tena, ili asilale na njaa.

Alizeti na karanga zisiondolewe kwa siku moja. Zipunguzwe kidogokidogo wiki hadi wiki, huku nafasi yake ikichukuliwa na nafaka na kunde zilizopikwa, na mboga. Palipo na chembe za kasuku za kiwandani na familia inazimudu, zinaweza kuwa sehemu kubwa ya mlo, nazo pia ziingizwe taratibu.

Umbo libadilishwe kabla ya kusema hapendi. Karoti inaweza kukunwa na kuchanganywa na mbegu, kuchemshwa kidogo, kukatwa vijiti vya kushika kwa mguu au kuning'inizwa nzima. Mahindi mabichi anaweza kuyakataa yakiwa punje ndani ya bakuli na kuyapigania yakiwa kwenye gunzi.

Ale akiona wengine wanakula. Kasuku huishi kwa makundi, na kile ambacho kundi linakula ndicho salama. Mtoto akikaa karibu na tundu na kutafuna boga lililopikwa kwa kulifurahia, anafanya zaidi ya bakuli kumi. Asimlishe kutoka mdomoni kwake, kwa sababu mate ya binadamu yana bakteria wanaoweza kumdhuru ndege.

Chakula kirudiwe. Watoto wadogo huhitaji kuonjeshwa mboga mpya mara 10 au zaidi kabla ya kuizoea, na kasuku haachani nao mbali. Kikikataliwa, kiondolewe kimya kimya, bila kicheko, bila karipio, kisha kirudi baada ya siku mbili au tatu.

Karanga haifukuzwi nyumbani, inabadilishiwa kazi. Badala ya kuwa chakula inakuwa zawadi, punje moja kwa wakati, kwa kuingia tunduni bila fujo au kusema neno jipya. Inaweza pia kufungwa ndani ya ganda la hindi ili aifungue mwenyewe. Ndege mwenye shughuli hutupa chakula kidogo kuliko ndege aliyechoka kukaa bure.

Sahani ya sokoni

Mlo mzuri wa kasuku haulazimu duka la ng'ambo. Mboga na matunda ya rangi ya chungwa na kijani kilichoiva ndizo zinazotoa viini vya vitamini A: boga, karoti, viazi lishe, papai, embe, pilipili hoho, sukuma wiki, majani ya maboga na figiri. Mawese mekundu, tone moja juu ya chakula mara chache kwa wiki, yanamrudisha kwenye tunda la asili yake.

Mchicha unafaa lakini usiwe mboga ya kila siku, kwa kuwa una oksaleti nyingi zinazoshika kalsiamu na kuizuia kutumika mwilini. Upishane na mboga nyingine.

Wali kidogo usio na chumvi, mtama uliochemshwa, choroko, dengu na maharage yaliyoiva kabisa vinampa nguvu na protini. Maharage mabichi au yasiyoiva yana sumu. Choroko zilizooteshwa hupendwa sana, ila zisuuzwe vizuri na zisiwe na harufu.

Kwa kalsiamu, yai lililochemshwa sana mara moja kwa wiki pamoja na ganda lake lililosagwa linasaidia. Wakazi wa Pwani wana mfupa wa dome, ule mweupe na mwepesi unaookotwa ufukweni. Uchemshwe, ukaushwe juani na ufungwe tunduni autafune. Kalsiamu haifanyi kazi bila vitamini D, hivyo apate jua la asubuhi nje, si nyuma ya kioo cha dirisha, na sehemu ya tundu iwe na kivuli.

Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, chakula kibichi kisikae tunduni zaidi ya saa mbili au tatu. Kikichacha, kasuku aliyekuwa na haki ya kukikataa anaweza kukila.

Visivyoingia tunduni

Parachichi ndilo la kwanza kukatazwa. Lina sumu iitwayo pasini inayoweza kuharibu moyo wa ndege na kumuua ndani ya muda mfupi. Si nyama yake tu, hata ganda, kokwa na majani. Katika nyumba ambayo watoto hula parachichi kila siku, hili lielezwe waziwazi.

Chokoleti, kahawa, chai, pombe, chumvi, vitunguu, mbegu za tufaa na muhogo mbichi navyo havifai. Maziwa na vyakula vya kukaanga havimsaidii.

Karanga na mahindi vina hatari nyingine: sumukuvu. Ukungu huota kwenye nafaka zilizohifadhiwa na unyevu na kutoa sumu inayoharibu ini. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye uchungu ambazo familia imezichambua na kuzitenga, zisigeuzwe kuwa "za kasuku". Mwili wa gramu 450 hauna pa kuificha sumu hiyo.

Tundu lisiwekwe jikoni pia. Kikaango kisichogandisha chakula kikiungua kupita kiasi hutoa mvuke usioonekana ambao huua ndege kwa dakika chache.

Watoto na ndege

Mtoto anaweza kukabidhiwa kazi ya kweli: kupeperusha maganda, kubadilisha maji, kuandika uzito. Kazi ya kuamua ndege ale nini ibaki kwa mtu mzima mmoja.

Baada ya kugusa ndege, bakuli au tundu, mikono ioshwe kwa sabuni. Vumbi la kinyesi kilichokauka linaweza kubeba homa ya kasuku, ugonjwa wa bakteria unaompata binadamu kwa kuvuta hewa. Hauonekani mara nyingi, lakini mtu wa nyumba yenye kasuku akipata homa, kichwa kuuma na kikohozi kikavu, daktari aambiwe kwamba nyumbani kuna ndege. Tundu lilowanishwe kabla ya kufagiwa, na mtoto asiwepo.

Kuna pia kasuku ambaye kukataa kwake chakula kunasema jambo jingine kabisa: aliyekamatwa porini juzi. Ndege huyo hachagui. Ana hofu, hajui mbegu za dukani, na wengi wa aina yake hufa kabla hawajafika kwa mnunuzi.

Mwaka 2016 kasuku wa kijivu alitangazwa kuwa hatarini kutoweka, na tangu Januari 2017 mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, umezuia biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliokamatwa porini. Nchini Tanzania kibali cha kufuga wanyamapori huulizwa TAWA na nchini Kenya huulizwa KWS. Familia inayoletewa kasuku wa bei rahisi kwenye boksi, asiye na karatasi, iache kabla watoto hawajampa jina.

Aliye nyumbani tayari kihalali ataendelea kutupa papai siku moja na kulidai kesho yake. Hakuna haja ya kushinda kila mlo. Familia itazame namba za wiki kwenye karatasi, kinyesi chini ya tundu na bakuli lililopeperushwa maganda. Hayo matatu yakiwa sawa, papai la leo likiachwa sakafuni si tatizo, na kopo la karanga lirudi kabatini.